Kiti cha dirishani, kulia, nyuma ya bawa: Dar es Salaam hadi KIA

Tathmini hii ni ya kiti kimoja tu: cha dirishani, upande wa kulia, safu za nyuma ya bawa, kwenye ndege ya pangaboi inayoondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Nakipa nyota tano kati ya tano. Upande wa kushoto wa ndege hiyohiyo naupa mbili. Kiti cha kulia ambacho dirisha lake limezibwa na injini nakipa moja, hata kama umekilipia zaidi.

Nimefundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu, na kwetu ni Usangi, Upare wa Kaskazini. Kwa miaka mingi safari ya nyumbani nimeifanya kwa basi: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, kisha Mwanga na kuanza kupanda mlima. Siku hizi watoto wamekua na hunikatia tiketi ya ndege, na nchi niliyozoea kuiona kipande kipande kutoka dirisha la basi naiona imetandazwa yote. Kila ninapopanda, hata hivyo, naona abiria wenzangu wakifanya jambo linalonisikitisha. Wanaulizia upande wenye mlima, wanapewa dirisha la kulia, wanashusha kifuniko na kulala. Wanafumbua macho rubani anapotangaza kwamba Kilimanjaro iko kulia. Mtu huyo amelipia zaidi ya saa nzima ya kutazama, akachukua dakika chache za mwisho.

Na ni dakika chache kweli. Chukua ramani uweke rula kutoka Dar hadi KIA. Mstari unaelekea kaskazini-magharibi, na mlima unakaa mbele yako, umeegemea kulia kidogo. Dirisha la ndege linaangalia ubavuni, haliangalii mbele. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya safari rubani anauona mlima na wewe huuoni, mpaka mko karibu kabisa na uwanja ndipo unaposogea na kuingia kwenye kioo chako. Wakati huo ndege imekwisha anza kushuka. Anayekata kiti cha kulia kwa ajili ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, peke yake hajakosea upande, ila amekiweka kiti chake kazini kwa robo ya uwezo wake. Kinachokifanya kistahili nyota tano ni mengine yote yanayopita kulia kabla ya hapo.

Nianze na kuruka. Ndege ikirukia upande wa mjini, dirisha la kulia linakupa Kurasini, maji ya bandari yanavyoingia ndani ya nchi, Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, na nje baharini meli zinazosubiri zamu ya kuingia. Kisha ndege inakunja kushoto, bawa la kulia linapanda na dirisha lako linajaa anga tupu kwa muda. Hapo walio kushoto wanaufaidi mji. Waachie. Ndege ikishanyooka, pwani inarudi kwako, na kama hakuna wingu la chini utaviona visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimezungukwa na maji ya kijani yenye kina kifupi, na ukingo mweupe pale mawimbi yanapovunjika kwenye miamba ya matumbawe.

Baada ya hapo njia inapita karibu na Bagamoyo, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasisinzie. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji, ukijipinda ndani ya mikoko. Msimu wa mvua maji yake ya udongo huingia baharini na kutengeneza doa la kahawia linalosukumwa kando ya pwani, na mpaka kati ya maji ya mto na maji ya bahari unauona kama umechorwa kwa kalamu. Hili nimelieleza darasani kwa chaki miaka nenda rudi, jinsi mto unavyobeba udongo wa bara na kuumwaga mlangoni, na sikuwahi kuwa na picha nzuri kuliko hiyo. Mbele kidogo ni mlango wa Wami na hifadhi ya Saadani, ambako mbuga inafika hadi ufukweni. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, siku safi, utauona mstari mwembamba wa Unguja.

Kisha ndege inaiacha pwani na nchi inakuwa vichaka. Sehemu hii ni kavu na ndefu, Handeni iko upande wa kushoto, na sina mengi ya kuisifia, ila mashamba ya mkonge kuelekea Korogwe yanajitokeza kwa mistari yake iliyonyooka.

Halafu unakuja ukuta.

Sijapata neno jingine. Usambara ya Magharibi inapanda kutoka bondeni bila utangulizi. Mombo, chini pale kwenye barabara kuu, iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Juu ya genge, vijiji vya Lushoto viko juu ya mita 1,000, na migongo ya juu kabisa inapita mita 2,200. Ukiwa kwenye basi unauona ukuta huo ukiwa umekaa chini ya miguu yake, na huwezi kujua kuna nini nyuma yake. Kutoka dirisha la kulia unaona kwamba nyuma ya genge kuna nchi nzima ya juu: mashamba ya ngazi, misitu iliyobaki vilimani kwa mabaka, barabara ya Soni inayopanda kwa kujikunja, mapaa ya bati yanayometa jua likiyapata. Chini bondeni nchi imekauka na ina rangi ya ngozi ya simba, na juu ni kijani kibichi. Sababu yake inaonekana kwa macho: upepo unaotoka baharini umebeba unyevu, unakutana na mlima, unalazimika kupanda, unapoa na kumwaga mvua juu na upande unaotazama bahari. Ukishavuka unashuka ukiwa mkavu. Wewe uko upande mkavu, unautazama mlima kwa mgongo, na mawingu unayaona yamening'inia ukingoni bila kushuka bondeni.

Usambara na Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya miamba ya kale sana unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Haikutokana na volkano. Ni mapande ya ardhi yaliyoinuliwa pale tabaka za dunia zilipokatika, ndiyo maana upande mmoja umesimama wima namna ile. Misitu yake imekaa peke yake juu ya vilele kwa muda mrefu kiasi kwamba ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine popote duniani. Lile ua dogo la dirishani linalouzwa Ulaya kwa vyungu vidogo, wanaloliita urujuani wa Afrika, asili yake ni misitu hii. Nakumbusha hayo kwa sababu kutoka angani unaona jinsi mabaka hayo ya msitu yalivyo madogo na jinsi mashamba yalivyoyazunguka, na mtu anayeiona hali hiyo kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa.

Usambara ikiisha kuna pengo, na ndani ya pengo hilo unaona moja kwa moja tambarare za Mkomazi zikiendelea hadi Kenya. Kisha Upare wa Kusini unaanza, na kilele chake cha Shengena, takriban mita 2,460, ambacho mara nyingi kina kofia ya wingu hata asubuhi. Pengo jingine liko Same, halafu milima yetu ya Mwanga. Barabara, reli na Mto Pangani vyote vinapita kwenye korido moja chini ya ukuta huo, na kutoka juu unaelewa mara moja kwa nini misafara ya zamani, Wajerumani na reli yao, na baadaye wajenzi wa barabara ya lami wote walichagua njia ileile: hakuna nyingine yenye maji na iliyo tambarare.

Nilikaa karibu na kijana mmoja aliyekuwa anakwenda Arusha kikazi. Alikuwa amekaa upande wa njia, mimi dirishani. Tulipofika usawa wa Same aliniuliza, "Mzee, samahani, ule ndio Kilimanjaro?"

"Hapana mwanangu, huo ni Upare. Kilimanjaro bado."

"Mbona mkubwa hivyo? Mimi nimepita hapa na basi usiku tu, sikujua kuna milima."

Nilimpisha dirisha mpaka tulipolipita Bwawa la Nyumba ya Mungu, akawa ananiuliza na mimi namjibu. Nasema hivi kwa sababu wapo wengi kama yeye, waliopita njia hii maisha yao yote gizani kwenye mabasi ya usiku.

Bwawa lenyewe ni kituo ambacho naomba usikikose. Lilijengwa miaka ya 1960 mahali ambapo mito miwili inakutana, Kikuletwa unaotoka upande wa Meru na magharibi ya Kilimanjaro, na Ruvu ya kaskazini inayotoka Ziwa Jipe nyuma ya Upare. Linapotokea kwenye dirisha la kulia linakuwa chini yako, si mbali, na utaona kingo zake nyeupe pale maji yaliposhuka, na mitumbwi ya wavuvi ikiwa siku yao. Maji yanayotoka hapo ndiyo Pangani, na kabla ya kufika baharini yamepita mitambo mitatu ya umeme: Nyumba ya Mungu yenyewe megawati 8, Hale megawati 21, na Maporomoko ya Pangani megawati 68. Ukiwa kiti cha kulia umeandamana na bonde la mto huo kutoka karibu na Korogwe hadi kwenye chanzo cha maji yake. Mkondo wa mto kwa safari moja, bila kuinuka kitini. Mwalimu ataomba nini zaidi?

Baada ya bwawa yanakuja mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, kusini ya Moshi, miraba ya kijani iliyokatwa kwa usahihi katikati ya nchi kavu. Hiyo ndiyo alama yangu. Ukiiona miwa, anza kuangalia juu na mbele, kwa sababu mlima sasa unaingia.

Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi. Watu wanategemea kuutazama Kilimanjaro kwa kushusha macho, kama wanavyoona kwenye picha zilizopigwa kutoka ndege kubwa za masafa marefu. Kwenye safari ya Dar hadi KIA inakuwa kinyume: ninyi mnashuka, mlima unapanda. Uwanja uko chini ya mita 900, Kibo kina mita 5,895. Kadiri ndege inavyopungua mwinuko ndivyo mlima unavyozidi kusimama juu yenu, na mara nyingi kuna mkanda wa wingu katikati, kiasi kwamba unaona miteremko ya vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) na msitu chini, wingu, kisha sehemu nyeupe iko juu mahali ambapo hukutegemea kutazama. Ukitazama kutoka kusini, Kibo iko kushoto na Mawenzi, mita 5,149, iko kulia imechongoka. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya walimkatalia. Barafu inayoitwa kwa jina lake bado iko upande huo wa kusini, lakini imepungua sana. Tangu mwaka 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na mimi niliyeuona mlima huu nikiwa mtoto wa shule sihitaji kipimo ili kuliona hilo. Kilichokuwa kofia sasa ni vipande. Nikifika hapo huwa sipigi picha. Natazama tu.

Ndege ikitua kuelekea mashariki, itaupita uwanja kwa upande wa kusini kwenda magharibi kabla ya kugeuka. Katika kipande hicho upande wa kulia unatazama kaskazini, na mlima wote unakaa kwenye dirisha lako. Ikishageuka, zamu inakuwa ya walio kushoto: wanapata Meru, zaidi ya mita 4,500, na Kibo mbele kushoto wakati wa kugusa ardhi. Hizo ndizo nyota mbili nilizowapa, na ni halali yao.

Sasa saa na msimu, maana kiti kilekile kinabadilika. Asubuhi ndiyo wakati wa mlima, kwa kuwa mawingu ya Kilimanjaro hujikusanya jua likishapanda, na kufika saa tano au sita mchana mara nyingi kilele kimekwisha funikwa. Lakini dirisha la kulia linatazama kaskazini-mashariki, yaani upande wa jua la asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba, jua likiwa Tropiki ya Kansa, linachomoza karibu kabisa na uelekeo wa dirisha lako. Litakupiga machoni, na Upare na Usambara utaziona kama vivuli vya buluu, mgongo juu ya mgongo. Ni kuzuri, ila vitu vidogo havionekani. Desemba hadi Februari jua liko kusini ya ikweta, kwa hiyo linakuja kwa nyuma ya bega lako la kulia na kuimulika milima kwa ubavu. Kila korongo lina kivuli chake, kila kijiji kinaonekana. Zaidi ya hapo, kipindi hicho jua linaupiga uso wa kusini wa Kibo, upande uleule unaoutazama, wakati Juni uso huo uko kivulini. Januari na Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika haijaanza, ndiyo miezi yangu. Bahati nzuri kwa Wachaga na Wapare wanaokwenda nyumbani Krismasi, Desemba nayo si mbaya, ingawa nauli zake zinajulikana.

Machi hadi Mei kaa popote. Utaona pamba tupu.

Kuhusu aina ya ndege. Njia hii huhudumiwa na ndege za pangaboi, Dash 8 Q400 za Air Tanzania na ATR za Precision Air, na pia jeti, Airbus A220 ya Air Tanzania. Mimi nachagua pangaboi kila ninapoweza. Kwanza, bawa lake liko juu ya madirisha, kwa hiyo halifuniki ardhi. Pili, hazipandi sana kupita futi 25,000, takriban mita 7,600, na kwa safari fupi kama hii unabaki karibu na nchi, unatambua barabara, mto, hata shule. A220 ina madirisha makubwa na mazuri, nalisema hilo kwa haki, lakini bawa lake liko chini na inaruka juu zaidi. Tena upande wa kulia wa A220 una viti vitatu na wa kushoto viwili, hivyo anayekaa dirishani kulia ana watu wawili wa kuwapita akitaka kutoka.

Kasoro ya pangaboi ni kwamba injini zinaning'inia chini ya bawa. Ukikaa katikati ya ndege, kioo chako kinatazama bomba la chuma. Kwenye Q400 magurudumu nayo hukunjwa ndani ya kasha la injini, kwa hiyo wakati wa kutua, pale hasa unapotaka kuuona mlima, mguu mzima wa chuma unashuka mbele ya macho yako. Ndiyo maana nasema nyuma: theluthi ya mwisho ya ndege. Huko unatazama chini na nyuma bila kizuizi, na kelele ya pangaboi imepungua. Safu za mbele kabisa nazo zinafaa kwa kutazama, ila wakati mwingine ni za daraja la juu. Kwenye ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, hivyo aliye nyuma anatoka wa kwanza pia.

Namna ya kukipata. Herufi A ni dirisha la kushoto ukiwa umetazama mbele, na dirisha la kulia ni herufi ya mwisho ya safu, iwe D au F kutegemea ndege. Ukiweza kuchagua kwenye mtandao, chagua, baada ya kuangalia aina ya ndege kwenye tiketi. Kama huwezi, fika mapema kaunta na useme wazi. Mimi husema hivi: "Naomba dirisha la kulia, nyuma ya bawa, nataka kuona Upare." Mara nyingi binti wa kaunta hucheka na kunijibu, "Shikamoo baba, Upare? Wengine wote wanataka mlima." Namwitikia marahaba, namwambia mlima pia nautaka, na kiti napewa. Sijawahi kunyimwa kwa kuomba vizuri mapema.

Kunyimwa kumetokea kwa njia nyingine. Kampuni moja, sitaitaja, iliniuzia kiti cha kulia nyuma kwa malipo ya ziada, kisha siku ya safari ikabadilisha ndege. Namba ya kiti ikabaki ileile, lakini kwenye ndege mpya safu hiyo ilikuwa juu ya bawa. Nilipouliza, nikaambiwa nimepewa dirisha kama nilivyolipia. Hiyo si haki. Anayelipia dirisha analipia kuona, na kampuni ikibadili ndege ingemuuliza abiria au imrudishie fedha ya kiti bila kuandikiana barua. Kwa sababu hiyo kwa njia hii silipii tena kuchagua kiti. Naamka mapema na kwenda kaunta.

Vioo navyo. Kuna ndege ambazo kioo cha ndani kimechubuka hadi jua likikipiga unaona mikwaruzo tu. Futa alama za vichwa vya watu kwa kitambaa laini, hilo linasaidia nusu ya tatizo. Kile kitundu kidogo chini ya kioo usikizibe, kipo makusudi kusawazisha hewa kati ya tabaka za kioo na kuzuia ukungu. Ukipiga picha, zima taa ya simu, vaa nguo ya rangi nzito ili usijione kwenye kioo, na usiegemeze simu kwenye kioo chenyewe maana mtetemo wa pangaboi utaharibu picha. Pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani. Hata simu ikiwa kwenye hali ya ndege, karibu na dirisha nyingi zitakuonesha mahali ulipo, na utaweza kutaja kila mto.

Kurudi Dar ni kushoto, na safu ni zilezile za nyuma. Tofauti ni mpangilio: mlima unaupata mwanzoni, ndege inapopanda kuelekea mashariki, kisha ikikunja kulia bawa la kushoto linapanda na unaona anga kwa muda, na baadaye Upare, Usambara na pwani vinafuata kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Ukipata ndege ya saa kumi jioni, milima imemulikwa na jua la magharibi, na kwa Usambara peke yake naiona hiyo ni bora kuliko asubuhi.

Kwa wanaotokea Nairobi: kwenda Dar au Mombasa kaa kulia, kurudi kaa kushoto. Njia ya Nairobi hadi Dar inapita karibu sana na Kilimanjaro kwa upande wa mashariki, na kwa kuwa ndege iko juu katikati ya safari, huko ndiko unakoutazama mlima ukiwa sawa nao au chini yako, Mawenzi ikiwa mbele na Kibo nyuma yake. Wa Nairobi kwenda Entebbe nao wakae kulia, kwa ajili ya Mlima Longonot na Ziwa Naivasha katika dakika za mwanzo.